Mzani Kwanza, Wana Mvumi

Ninasema nanyi, ndugu zangu wa Mvumi Makulu, wa Misheni, wa Handali, wa Idifu, wa Makang'wa, na ninyi mliopanga vyumba Dodoma mjini mkisubiri mvua mrudi kulima.

Naanza na mambo ya mababu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, kisha ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ambako maji ni shida na yakipatikana ni machungu. Ikitokeza upande wetu, wapagazi walikuwa hoi kwa kiu. Mwaka 1871 alipita Henry Morton Stanley akimtafuta Livingstone, akatozwa hongo hapa Mvumi, akaenda kulalamika kitabuni mwake. Mwacheni alalamike. Hongo ya siku zile ilikuwa ushuru wa njia, si hii tunayoijua leo. Babu zetu waliwauzia wasafiri nafaka, maziwa, asali na hata maji ya kisima, wakapokea nguo, shanga na nyaya. Mzigo ulikuwa wa mgeni, lakini bei ilitajwa na mwenyeji.

Leo msafara mkubwa kuliko ule umekuja na umeamua kukaa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973. Tulisubiri miaka arobaini na kitu hadi 2016, serikali ilipoanza kuhama kwelikweli. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, Mji wa Serikali umesimama Mtumba, na tangu 2024 treni ya umeme inashusha watu kutoka Dar es Salaam. Wote hao wanakula. Wanataka mafuta ya kupikia, karanga, kuku, unga wa uwele, ubuyu, zabibu. Sisi tuko kilomita arobaini hivi kutoka mezani kwao. Swali langu ni moja: safari hii bei inatajwa na nani?

Nijisute mwenyewe kwanza. Mwaka juzi, mwezi wa sita, ada ya mtoto ilinibana, nikamuuzia alizeti kijana mmoja aliyekuja na kenta. Alikuja na magunia yake. Alizeti ikashindiliwa kwa miguu, kisha juu ya gunia kikashonwa kilemba. Lumbesa, mnaijua. Nilihesabu magunia matano, nikalipwa ya magunia matano. Gunia moja lililojazwa vilevile lilibaki uani, nikalipeleka kupimwa: lilikuwa limezidi kwa debe zima na zaidi. Mwezi uliofuata nikaenda dukani kununua mafuta ya alizeti yaliyotoka mjini, na mashudu ya mbuzi wangu nikayafuata kinuni kwa pesa. Mbegu ilikuwa yangu, mafuta nikanunua, makapi nikanunua. Mke wangu alicheka, nami sikuwa na la kumjibu.

Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na kila mmoja wetu anajua. Lakini sheria haina miguu ya kutembea hadi uani kwangu saa kumi na mbili jioni. Mkulima mmoja mwenye magunia matano na shida ya ada hawezi kumkatalia mnunuzi. Mia moja wenye ghala moja na mzani mmoja wanaweza.

Mtasema hayo ni mambo ya ushirika, biashara ndogo zinaingiaje? Zinaingia hapohapo. Sera ya serikali ya mwaka 2003 ilihesabu hivi: mwenye watu 1 hadi 4 ni biashara ndogo sana, 5 hadi 49 ni ndogo, 50 hadi 99 ni ya kati. Kwa kipimo hicho hapa kwetu karibu sote ni wadogo sana: mama lishe wa hospitalini, fundi cherehani, mwenye kinu, kijana wa bodaboda. Alizeti ikiondoka ikiwa mbegu, mwenye kinu hana cha kukamua, kijana wa kubeba hana mzigo, muuza chupa na lebo hana mteja. Ikikamuliwa hapa, wote wanapata chochote, na mashudu yanabaki kwa mbuzi wetu. Uchumi wa nchi masikini unajengwa na mikono ya namna hiyo, mmoja akimpa kazi mwenzake, kabla hata kiwanda kikubwa hakijafikiria kuja.

Mtaji nao upo, ila tunaukimbilia mahali pabaya. Mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, imeingia hadi vijijini. Nimeona mwanamke akinyang'anywa godoro. Na huku kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi mwaka uliofuata. Tusijifanye hatujui vikundi hewa ni vya nani. Tumeona watu wakiandikana majina, wakigawana fedha, kikundi kikafa siku hiyohiyo. Anayefanya hivyo anamwibia jirani yake aliye nyuma kwenye foleni.

Na hili la daftari la dukani, samahani, lazima niliseme. Tunakopa sukari kwa jirani, tukipata pesa tunapita njia ya nyuma kwenda kununua mjini. Duka likifungwa tunasema mwenye duka hana bahati.

Wakubwa mnakumbuka miaka ya 1980 mifugo ilipoondolewa katika tarafa yetu yote chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, kwa sababu ya makorongo. Amri ile ilitoka juu na iliuma, lakini tuliibeba pamoja. Hili la mzani na ghala halihitaji amri ya mtu.

Ninaomba haya. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika ujao, mzani na ghala viwe ajenda ya kwanza, si ya mengineyo. Kila kaya itoe inachoweza, na asiye na fedha atoe tofali au siku ya kazi. Wenye vinu wakae na wakulima wapange bei ya kukamua kabla ya mavuno. Kikundi kimoja cha kweli, kinachojuana, kiende SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, kisha TBS, shirika la viwango, kuomba nembo ya ubora, maana mafuta yasiyo na nembo hayaingii duka la maana pale mjini. Walimu na wauguzi, nunueni hapa, na shule zetu ziulizeni wakulima wa hapa kabla ya kuagiza mbali.

Nami nimeshatenga mchango wangu wa mzani. Uko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Msimu huu kenta ikija, mwambieni dereva asubiri nje, tunapima kwanza.