Avengers wana jumba, X-Men wana lawama

Wasee, tuache kwanza kuulizana kati ya Avengers na X-Men nani atamchapa nani. Huo ubishi haujaisha Thika, haujaisha Ruiru, na leo hautaisha. Mimi nauliza hivi: mbona hizi timu zinaishi dunia moja, zinaokoa watu walewale, lakini moja inapigiwa makofi na nyingine inarushiwa mawe?

Cheki. Komiki ya kwanza ya Avengers na ya kwanza ya X-Men zote zina tarehe ya Septemba 1963. Waliozitunga ni walewale, Stan Lee na Jack Kirby. Avengers wakapewa jumba la tajiri Tony Stark, katikati ya New York. X-Men wakawekwa Westchester, nje kidogo ya jiji, vile Ruiru ilivyo kwa Nairobi.

Utaniambia watu wanaogopa X-Men kwa sababu walizaliwa na nguvu zao. Haya, na Thor je? Si naye alizaliwa na zake? Tena mwaka wa 1965 Wanda na Pietro walichukuliwa wakawa Avengers chini ya Captain America. Enzi hizo hao wawili walihesabiwa kuwa myutanti kama X-Men, na walikuwa wametoka kwa genge la Magneto! Damu yao haikubadilika. Walibadilisha tu jina la timu.

Sasa hiyo si ya komiki pekee. Kijana wa Section 9 na kijana wa Kiandutu wote ni wa Thika. Wanaweza kuwa na kofia moja, simu moja, hata gredi moja ya KCSE. Saa tatu usiku, wa kwanza akisimama kando ya barabara, watu wanaona anangoja gari. Wa pili anaulizwa anafanya nini hapo. Ndiyo maana kuna mtu akiomba kazi anaandika "Thika" tu, mtaa anauruka.

Kwenye komiki ilibidi Avengers na X-Men wapigane vita vikubwa mwaka wa 2012 ndipo Captain aunde kikosi cha mchanganyiko. Na hakuwaalika X-Men waje kukaa nyuma. Uongozi alimpa Havok, mtu wao. Hapo nampa heko.

Lakini kwangu mimi, Shujaaz ya hapa Kenya, iliyoanza 2010, iliona mbali mapema. Boyie, Maria Kim, Malkia na Charlie Pele hawana jumba wala sare. Kila mmoja ana maisha yake na shida zake, na redio ya Boyie inawaunganisha. Hakuna anayeambiwa ahame kwao kwanza ndiyo ahesabiwe shujaa.

Kwa hivyo ukiunda kikundi, iwe cha mpira, cha muziki au cha chama, angalia kiti cha mwenyekiti. Wa Kiandutu anaweza kukikalia, ama mlimwita tu abebe viti?