Bwawa la Mashindano Liwe Mali ya Wananchi

Mataifa yanapopewa heshima ya kuandaa mashindano makubwa ya michezo, mara nyingi hutumia fedha nyingi za umma kujenga majumba ya fahari. Shangwe huisha katika majuma machache. Jengo na gharama zake hubaki. Kwa hiyo swali linalopasa kuulizwa si kama jengo linapendeza, bali ni nani watakaolitumia wageni wakishaondoka.

Kituo cha michezo ya majini cha London, kilichojengwa Stratford, mashariki ya jiji hilo, kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 2012, ni mfano unaostahili kuchunguzwa kwa mema yake na kwa kasoro zake. Kilisanifiwa na Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, Iraq. Paa lake, lenye umbo la wimbi na urefu wa mita 160 hivi, limeegemea sehemu tatu tu za zege. Ndani mna mabwawa mawili ya mita 50 na jingine la mita 25 la kupiga mbizi.

Lawama ya kwanza ni gharama. Kituo hicho kiligharimu kiasi cha pauni milioni 269, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya awali. Hizo zilikuwa fedha za umma, na hakuna medali iwezayo kuwa jibu la makadirio yaliyokosewa kiasi hicho.

Hata hivyo, katika jambo moja wapangaji walitumia busara. Wakati wa Olimpiki palikuwa na viti 17,500. Mashindano ya kawaida hayawezi kujaza ukumbi wa namna hiyo. Hivyo viti vingi viliwekwa katika mabawa mawili ya muda, ambayo yaliondolewa baadaye, vikabaki 2,500 hivi. Machi 2014 milango ilifunguliwa kwa wananchi, kwa kiingilio kinacholingana na cha mabwawa ya kawaida ya jirani. Aidha, sakafu ya bwawa huweza kupandishwa ili kina kipungue. Mahali aliposhindana Michael Phelps, mtoto wa shule ya msingi naye hujifunza kuogelea.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kweli. Mtaala wa England unataka kila mwanafunzi anapomaliza shule ya msingi awe anaweza kuogelea mita 25. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri watoto wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji, kwani zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya kuzama hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuogelea, basi, si anasa ya wenye nafasi. Ni elimu ya kuokoa maisha.

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maji ya bwawa hayana budi kusafishwa na kupashwa moto kila siku, na kiingilio nafuu peke yake hakitoshi. Kituo cha London nacho kimehitaji ruzuku. Ofisa mipango, popote alipo, hana budi kuandika gharama ya kulea katika ukurasa ule ule wa gharama ya kuzaa. Naye atakayepima mafanikio na ahesabu watoto waliojifunza kuogelea, si bendera zilizopepea.