Chapati ni ileile, wasee

Tusidanganyane. Nigeria ilipata uhuru 1960 ikiwa na mikoa mitatu. Leo ina majimbo 36, na kutoka 1967 hadi 1996 waliokuwa wanachora mipaka ni wanajeshi. Raia nani aliulizwa?

Cheki Kano. Jigawa ilikatwa kutoka kwake 1991. Sasa Kano ina serikali za mitaa 44, Jigawa 27. Jumla 71. Lagos na umati wake wote? 20. Na pesa za taifa hugawanywa kwa kuhesabu hizo pia! Lagos ikajiongezea zake, Rais Obasanjo akafunga mfereji 2004.

Jimbo jipya ni gavana mpya, bunge jipya, msafara mpya wa magari. Ukikata chapati vipande kumi, hujapika chapati kumi.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuuzia kaunti ya 48, muulize kwanza: hizi 47 dawa zimefika?