Duma: kelele zina nguvu, lakini neno liko wapi?

Umeme wa Nzilo unatoka karibu na Kolwezi, lakini haufiki kwa kila mtu. Bwawa hilo la mto Lualaba lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya shaba ya Union Minière, na mpaka leo nyaya zinapita juu ya vijiji vinavyotumia taa ya sola au mshumaa. Kijana wa Kolwezi anayetaka kutengeneza muziki kwa kompyuta sherti angoje umeme urudi, mara nyingine usiku wa manane. Hata saa hizo hapati kimya. Mchana ni baruti katika machimbo yaliyo karibu na nyumba za watu. Usiku ni malori ya madini na jenereta.

Kwa kijana huyo, kuna albamu moja ya majirani inayofaa kusikilizwa kwa makini, uzuri wake na makosa yake. Inaitwa Duma, na ni kazi ya kwanza ya kundi la watu wawili wa Nairobi lenye jina hilo hilo: Martin Khanja, mwimbaji anayejulikana pia kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mtengenezaji wa midundo. Waliirekodi Kampala mwaka 2019. Mwezi wa nane 2020 ikatolewa na Nyege Nyege Tapes, nyumba ya muziki ya Kampala ambayo jina lake linachekesha masikio ya Kiswahili, lakini kwa Waganda ni hamu ya kucheza isiyozuilika.

Jina la kundi nalo lina mtego. Msemaji wa Kiswahili akisikia duma, anamfikiria mnyama anayeshinda wote kwa mbio. Wenyewe walichukua neno la Kigikuyu lenye maana ya giza. Albamu ina vyote viwili, mbio na giza.

Sifa yake ya kwanza ni ujasiri. Wawili hawa walitoka katika makundi ya metali ya Nairobi, muziki wa magitaa makali ambao kwa miaka mingi ulifuata mfano wa Ulaya na Marekani. Wao walimwondoa mpiga ngoma, wakaweka mashine. Matokeo yake ni midundo yenye kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuishika, jirani wa singeli ya Dar es Salaam. Mwenye kujua muziki wa transi uliokua Goa, kule India, atatambua mashine ile ile. Lakini katika transi mdundo unakwenda sawasawa mpaka mwili unalewa. Katika Duma mdundo haumwachi mtu alewe: unakatika, unaanguka, kisha unarudi na nguvu zaidi.

Sifa ya pili ni ukweli wa sauti. Kwa muda mrefu wasikilizaji wa ng'ambo wametaka Afrika iwaimbie kwa upole, kwa gitaa laini na sauti tamu. Duma wanakataa. Congo inaujua ukaidi huo: Konono N°1 wa Kinshasa waliunga likembe na vipaza sauti vya kuokoteza, na mikwaruzo ya vyuma hivyo ikawa sehemu ya muziki wenyewe. Anayeishi jirani na mgodi hatashangaa akisikia Duma. Mashine zinazosaga, king'ora, chuma juu ya chuma, hayo anayasikia kila siku bila kulipa kiingilio. Kuyasikia yamepangwa na mtu na kupewa mwendo, hilo ndilo jambo jipya. Linamwonyesha kwamba makelele ya mji wake yanaweza kuwa mali yake pia.

Basi udhaifu uko wapi?

Uko kwanza katika neno. Sauti ya Khanja imetupwa ndani ya moto mmoja na mashine. Nyimbo ni 9, na msikilizaji anaweza kuzimaliza zote bila kushika sentensi moja kamili. Wapenzi wa muziki huu watajibu kwamba katika metali ukelele ni chombo kama gitaa, hauna kazi ya kuhutubia. Ni kweli. Lakini mahali maneno hayasikiki, vichwa vya nyimbo ndivyo vinavyobaki kusema. Vingi ni vya Kiingereza. Neno la Kiswahili linaonekana katika "Pembe 666". Na kuna kimoja kinachomwamuru msikilizaji ajiue kabla wengine hawajamuua.

Wenye mazoea ya muziki huo watasema ni desturi yake kutisha, au kwamba ndani yake kuna wito wa kutokubali kuonewa. Inawezekana. Lakini kijana wa miaka 16 katika mji ambao baba na kaka hushuka kila siku katika mashimo ya kobalti hapewi wito huo. Anapewa kichwa kikavu tu, bila maelezo. Kifo si pambo mahali watu wanapozikwa na udongo wakitafuta chakula cha siku. Msanii anayelitaja jambo zito namna hiyo ana deni la sentensi moja inayosikika.

Udhaifu wa pili ni kukosa pumziko. Karibu albamu yote inapigwa kwa kiwango cha juu kabisa, na kufika wimbo wa tano sikio limeshazoea. Kinachotisha mwanzoni kinakuwa kama mvua juu ya mabati: kikubwa, lakini mtu anaweza kusinzia. Pale ngoma zinapopungua kidogo ndipo mashine zinazofuata zinapata tena nguvu ya kushtua. Ingefaa sehemu hizo ziwe nyingi zaidi.

Nyumba hiyo hiyo ya Kampala ilitoa mwaka 2021 albamu Na Zala Zala ya Rey Sapienz, mtoto wa Bunia, pamoja na kundi lake The Congo Techno Ensemble. Pale pia mashine ni nzito na giza liko. Lakini sauti za watu zinabaki mbele, zinarap na kuimba, na msikilizaji wa mashariki mwa Congo anajua kwamba anasemeshwa yeye. Khanja naye, alipotoa albamu yake ya peke yake The Adept mwaka 2024, aliifungamanisha na kumbukumbu ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni na Mau Mau. Ukali wa sauti haukupungua. Lakini safari hii msikilizaji alipewa mlango wa kuingilia.

Ukanda wa shaba hauna sababu ya kusahau jambo hilo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimkuta Likasi, wakati huo Jadotville, Mwenda Jean Bosco, mtu mwenye asili ya Bunkeya, katika Lualaba ya leo. Bosco alikuwa na gitaa moja na Kiswahili cha kwao. Nyimbo zake zilifika mpaka Nairobi, naye mwenyewe akafika huko, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwa vidole vyake. Zamani Nairobi ilisikiliza Katanga. Leo Katanga ikisikiliza Nairobi si aibu, mradi isisahau ilichokuwa nacho.

Kwa hiyo Duma ni albamu ya kusikilizwa, si ya kuigwa yote. Kijana wa Kolwezi achukue ujasiri wake: arekodi lori kwa simu, arekodi jenereta ya jirani, avifanye kuwa ngoma bila kuomba ruhusa. Kiisha azime mashine kwa muda mfupi, aseme kwa Kiswahili kinachosemwa mtaani kwake umeme wa Nzilo unakwenda wapi na nani anabaki gizani. Mashine haiwezi kumsemea hilo.