Minziro: Beki wa Yanga aliyegeuka fundi wa kupandisha timu, na somo kwa Simiyu

Mkazi wa Bariadi akitaka kuona mechi ya Ligi Kuu kwa macho yake na si kwenye simu, lazima apande basi. Wengi huishia Mwanza, CCM Kirumba. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, haijawahi kuwa na timu Ligi Kuu.

Geita na Njombe nayo ilikuwa mikoa mipya mwaka huohuo. Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Geita Gold ikapanda 2021 na kufika hadi michuano ya Afrika.

Nyuma ya safari ya Geita kuna mtu ambaye mashabiki wa rika la vijana wanamjua kama kocha tu: Fred Felix Minziro.

Kutoka beki tatu hadi benchi

Wazee wa soka wanamkumbuka Minziro kama beki wa kushoto wa Yanga. Alipotundika daluga hakwenda mbali. Alirudi Jangwani kama kocha msaidizi, na alikuwa kwenye benchi la Mholanzi Ernie Brandts Yanga ilipotwaa ubingwa wa 2012/13.

Desemba 2013 Yanga ilifumua benchi lake. Hapo ndipo Minziro akaanza kuzunguka nchi, akishika timu ambazo hazina kamera nyingi.

Kazi iliyompa jina ni kupandisha timu. Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017 akiwa kocha. Mwaka uliofuata, 2018, ikapanda KMC ya Kinondoni, kocha ni yeye. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Geita Gold.

Timu tatu ndani ya miaka mitano. Kwa ligi ya chini, yenye safari ndefu, viwanja vigumu na wachezaji wasio na majina, hiyo si bahati.

Anapanda, anapishwa

Sasa angalia kilichofuata baada ya kila sherehe.

Singida United ilipopanda, timu ikakabidhiwa Hans van der Pluijm. KMC ilipopanda, akaja Mrundi Etienne Ndayiragije. Geita Gold ilipopanda, akaja tena Ndayiragije yuleyule.

Yaani mjenzi anamaliza nyumba, funguo anapewa mwingine.

Tuwe wakweli: viongozi hawakuwa wajinga. Van der Pluijm aliifikisha Singida fainali ya Kombe la FA mwaka 2018. Ndayiragije aliimaliza KMC nafasi ya nne msimu wake wa kwanza. Timu ikipanda wadhamini wanakuja, presha inapanda, na bosi anataka jina litakalotuliza mashabiki. Pia kanuni za leseni zinabana: cheti kinachokutosha ligi ya chini kinaweza kukuacha jukwaani Ligi Kuu.

Lakini Geita ilitoa jibu tofauti. Mambo hayakwenda, Ndayiragije akaondoka mapema msimu wa 2021/22, na timu ikarudi kwa Minziro. Geita Gold, ikiwa ndiyo kwanza imepanda, ilimaliza ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Straika wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga bao moja. Tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikapatikana, ingawa safari iliishia mapema mbele ya Hilal Alsahil ya Sudan.

Mtu aliyeonekana wa kupandisha tu, kumbe alikuwa na uwezo wa kubaki juu.

Pamba nayo ilimwita

Oktoba 2024 yakajirudia kwa njia nyingine. Pamba Jiji ya Mwanza, timu yenye jina la zao linalolisha familia nyingi za Simiyu, ilikuwa imerudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20. Ilianza vibaya chini ya Goran Kopunovic. Ikampigia Minziro, akaingia, timu ikabaki Ligi Kuu.

Msimu uliofuata, 2025/26, Pamba ikaanza na kocha mwingine, Mkenya Francis Baraza.

Hili si la klabu ndogo tu. Hemed Suleiman 'Morocco' aliipeleka Taifa Stars AFCON 2025 na robo fainali ya CHAN 2024. Novemba 2025, wiki chache kabla ya AFCON, TFF ikaachana naye na kumpa timu Miguel Gamondi. Stars ikavuka makundi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo wengi walisahau haraka. Ila swali linabaki: kocha wa nyumbani atajifunza lini mechi kubwa kama kila ikifika anapishwa?

Simiyu inahusikaje?

Njia ya timu ya Bariadi, Maswa au Meatu kufika juu inajulikana: ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu. Ni ngazi ndefu, na hakuna ngazi ya kuruka.

Pesa ya kuanzia si lazima itoke kwa tajiri. KMC ni timu ya Manispaa ya Kinondoni. Pamba ina Jiji la Mwanza nyuma yake. Geita Gold ni ya halmashauri, ikabebwa na udhamini wa mgodi. Bariadi ina halmashauri ya mji, na mkoa una pamba na viwanda vya kuchambua pamba. Mazungumzo yanaweza kuanzia hapo.

Lakini ajira ya Minziro inaonyesha kuwa pesa ni nusu ya habari. Singida United ilishuka 2020. Geita Gold, ikiwa imeshaachana na Minziro, ilishuka 2024. Kupanda ni mradi wa msimu mmoja au miwili, kubaki ni mradi wa miaka.

Kwa hiyo siku Simiyu ikipata timu yenye ndoto, swali la kwanza kwa viongozi lisiwe "tumlete nani mwenye jina?" Liwe hili: kocha atakayetupandisha tunampa mkataba wa miaka mingapi, na nani atamlipia kozi ya leseni ili tukifika Ligi Kuu asibaki jukwaani?

Mabeki wa zamani waliocheza ligi za juu wapo mikoani, wengine wanafundisha watoto mashuleni bila malipo ya maana. Mmoja wao anaweza kuwa Minziro wa Bariadi. Kazi ni kumtafuta sasa, timu ikiwa bado chini.