Msimu wa Daraja la Pili Ambao Polisi wa Uingereza Hawakuusoma Sawasawa

Askari wengi wapendao kandanda huwataja mabingwa wa Daraja la Kwanza la Uingereza kama wanavyoyataja majina ya vijiji vyao, lakini Daraja la Pili hawalijali hata kidogo. Hatuwalaumu. Walakini kwa askari anayepangiwa zamu uwanjani, hatuujui msimu wenye mafunzo mengi kuliko ule wa Daraja la Pili la Uingereza wa mwaka 1974 hadi 1975. Tunauzungumza leo kwa kuwa mwaka 2023 Uganda yetu, pamoja na Kenya na Tanzania, zilikabidhiwa uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tena mwezi wa Agosti 2025, nchi hizi tatu zilipoandaa mashindano ya CHAN, Shirikisho la Kandanda la Afrika lililazimika kupunguza idadi ya watazamaji katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, baada ya utaratibu wa malangoni kuvurugika. Jambo hilo linatuhusu sisi tuvaao sare kabla ya kuwahusu wachezaji.

Kwanza habari yenyewe. Manchester United walitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1968, na miaka sita tu baadaye wakateremka daraja. Wapo wanaosimulia hadi leo kwamba aliyewateremsha ni Denis Law, mchezaji wao wa zamani aliyekuwa amehamia Manchester City. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli. Tarehe 27 Aprili 1974, zikiwa zimesalia dakika chache, Law aliupiga mpira kwa kisigino ukaingia wavuni, naye hakushangilia. Washabiki wakamiminika uwanjani, mchezo ukakatizwa, na matokeo ya 1–0 yakaachwa yasimame. Lakini matokeo ya viwanja vingine siku ile yalikuwa yamekwisha kuamua mambo: hata kama United wangalishinda, wangalishuka.

Uongozi wa klabu haukumfukuza meneja Tommy Docherty, na katika hilo ulionyesha busara ambayo vilabu vingi havina. Docherty alimnunua mshambuliaji Stuart Pearson kutoka Hull City, akawaamini vijana, na timu ikaanza kucheza kwa kasi, ikishambulia kutoka pembeni. Tarehe 17 Agosti 1974 walifungua msimu kwa kuwafunga Orient 2–0 mjini London. Tarehe 30 Novemba watazamaji zaidi ya 60,000 waliingia Old Trafford kuwaona wakiwashinda Sunderland 3–2. Wiki moja baadaye walitoka sare ya 4–4 na Sheffield Wednesday, timu iliyokuja kushika mkia. Aprili 5, 1975, bao moja la Lou Macari kule Southampton liliwarudisha Daraja la Kwanza. Katika michezo 42 walishinda 26, wakatoka sare 9 na kufungwa 7. Ushindi ukiwa bado na thamani ya pointi mbili, walijikusanyia pointi 61. Aston Villa walifuata kwa pointi 58, na Norwich City kwa pointi 53.

Asidhani msomaji kwamba daraja hilo lilikuwa la wanyonge. Machi 1, 1975, fainali ya Kombe la Ligi ilichezwa na timu mbili za Daraja la Pili, Villa na Norwich, na Villa wakashinda 1–0. Meneja wao, Ron Saunders, alikuwa akifika fainali hiyo kwa mwaka wa tatu mfululizo, kila mwaka na timu tofauti. Mwezi Mei Fulham, nao wa Daraja la Pili, wakiwa na mkongwe Bobby Moore, walicheza fainali ya Kombe la FA wakafungwa na West Ham 2–0. Na Villa hao hao walikuja kuwa mabingwa wa Ulaya mwaka 1982. Kwa mtu wa mpira tu, hadithi ingeishia hapo naye akaridhika.

Sisi tunaendelea, kwa sababu kuna hesabu nyingine ya msimu ule. Wastani wa watazamaji wa Old Trafford ulizidi 48,000 kwa kila mchezo, ukaupita wa klabu yoyote ya Daraja la Kwanza. Watu hawa hawakubaki nyumbani timu iliposafiri. Walipanda treni na mabasi kwa maelfu, wakaifuata hadi viwanja ambavyo havikujengwa kwa ajili yao: Orient, Oxford, Bristol Rovers, na Bootham Crescent wa mji wa York, ambao klabu yake ndiyo kwanza ilikuwa inaonja Daraja la Pili. Viwanja hivyo vilikuwa na majukwaa ya kusimama, milango michache, na polisi waliozoea kulinda watu elfu chache wanaojuana kwa majina. Mgeni alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Hapo ndipo asili ya matata, na ndilo jambo ambalo magazeti ya wakati ule, yaliyoshughulika kuwaita vijana wale wanyama, hayakulitilia maanani ya kutosha.

Hatusemi kwamba vijana wale walikuwa malaika. Tarehe 31 Agosti 1974 palikuwa na ghasia kubwa mjini Cardiff walipofika. Wiki moja kabla yake, katika mchezo mwingine wa daraja hilo hilo, kati ya Blackpool na Bolton, kijana mmoja mshabiki wa Blackpool alichomwa kisu ndani ya uwanja akafa. Serikali, vilabu na polisi hawakuwa na budi kufanya jambo.

Wakafanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa zuri: kuwatenga washabiki wa pande mbili, kuwapokea wageni kwenye stesheni, kuwasindikiza hadi uwanjani na kuwarudisha. Kazi hiyo yataka askari wengi, subira na miguu. La pili lilikuwa rahisi na halikuhitaji subira: uzio wa chuma. Old Trafford ulikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza kuzungushiwa uzio, na katika miaka iliyofuata viwanja vingi vya Uingereza vikaiga, hata majukwaa yakagawanywa kuwa vizimba. Uzio ulizuia watu kuingia kiwanjani, na kwa hiyo ulionekana kufaulu. Mwaka huo huo wa 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya usalama wa viwanja, kufuatia vifo vya watu 66 katika uwanja wa Ibrox, Glasgow, Januari 1971. Basi nchi ile ilikuwa na mawazo mawili kwa wakati mmoja: moja likisema watazamaji walindwe, jingine likisema wazuiwe. Katika bajeti na katika vichwa vya makamanda, la pili lilikuwa na nguvu zaidi.

Matokeo yake yalionekana tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough, nyumbani kwa wale wale Sheffield Wednesday. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Msongamano ulipozidi nje, kamanda aliamuru lango la kutokea lifunguliwe ili kupunguza shinikizo. Agizo hilo peke yake lingeweza kutetewa. Lakini hakuna aliyetumwa kuufunga mlango wa njia iliyoelekea kwenye vizimba vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa. Watu wakaingia kwa maelfu. Aliye nyuma katika umati haoni wala hasikii yaliyo mbele. Husukuma kidogo tu, na kila aliye mbele yake husukuma kidogo, hadi aliyefika kwenye chuma hawezi tena kupanua kifua apate pumzi. Watu hufa hivyo wakiwa wamesimama. Walipoanza kuupanda uzio, baadhi ya askari walidhani ni uvamizi wa kiwanja, kama ule wa 1974. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka kumi na mitano kuona uvamizi, wakauona. Waliofariki, pamoja na waliokufa baadaye kwa majeraha, ni watu 97.

Tunafika sasa mahali panapotugusa sisi ambao kazi yetu ni kuandika taarifa za jeshi. Saa zile zile za mkasa, habari ilitolewa kwamba washabiki ndio waliovunja lango. Haikuwa kweli. Mwaka 2012 jopo huru lilibainisha kwamba maelezo ya askari 164 yalikuwa yamebadilishwa, mengi yao kwa kuondoa maneno yaliyowalaumu polisi. Mwaka 2016 baraza la uchunguzi wa vifo liliamua kwamba watu wale waliuawa isivyo halali na kwamba washabiki hawakuwa na lawama. Miaka 27 ilipita kati ya taarifa ya kwanza na uamuzi huo. Askari wa kawaida waliowabeba majeruhi siku ile kwa mikono yao, wakitumia mbao za matangazo badala ya machela, waliishi miaka yote hiyo chini ya kivuli cha uongo ambao hawakuutunga wao.

Msomaji atatuambia kwamba hayo ni ya Wazungu. Accra, tarehe 9 Mei 2001, polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani, na watu zaidi ya 120 wakafa wakikimbilia kutoka. Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, jambo lile lile likaua watu 135, na safari hii uwanjani walikuwapo polisi na askari wa jeshi pia. Moshi ule, mwenzetu, hauna tofauti na uzio: unamlazimisha mtu kwenda mahali ambapo hana njia.

Katika fainali za 2027 macho ya dunia yatakuwa kwenye viwanja vikubwa, navyo vitakuwa na wakaguzi wa kutosha. Wasiwasi wetu hasa uko kwingine, kwenye viwanja vidogo vya daraja la pili na vya mikoani, siku timu kubwa iliyoshuka, au iliyopangiwa mchezo wa kombe, itakapofika na watu wake wote nyuma yake. Siku hiyo hapatakuwa na mkaguzi kutoka Cairo. Patakuwa na inspekta mmoja, sajini wawili na kikosi cha vijana waliotoka lindo la usiku. Inspekta huyo aombe, siku tatu kabla, kuelezwa kwa maandishi uwanja unachukua watu wangapi na ni nani atakayewahesabu langoni. Asubuhi ya mchezo autembelee uwanja kwa miguu, afungue kila mlango wa kutokea kwa mkono wake, na kila ufunguo aukabidhi kwa askari mmoja mwenye jina, atakayesimama mlangoni pale hadi mtazamaji wa mwisho aondoke.