Hesabu za Vikao vya Mazoezi: Daftari Limeshindwa, Tuiachie Kompyuta



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia sukari, presha na maumivu ya mgongo. Leo naomba mniruhusu nizungumzie bili. Msinicheke! Aliyepata kiharusi au aliyefanyiwa operesheni ya goti anahitaji vikao vingi vya mazoezi ya viungo, tena vifuatane, na mara nyingi kinachomkatisha njiani si maumivu bali ni malipo yaliyochanganyikiwa.

Hapa Samail, raia anayetibiwa hospitali ya serikali hana tabu kubwa. Kumbukumbu zake zimo ndani ya Al-Shifa, programu ya Wizara ya Afya yenyewe. Tabu iko kwa ndugu zetu wasio raia wanaotegemea kadi ya bima ya kazini, na kwa yeyote anayekwenda kituo binafsi ili asisubiri zamu, au asisafiri kila mara mpaka Nizwa au Hospitali ya Khoula kule Maskati.

Kituo kidogo kinachotumia karatasi huenda hivi. Mtaalamu anaandika kwenye daftari lake, karani wa mapokezi ana lake, na mwisho wa mwezi wanakaa kulinganisha. Bima nayo ina masharti: inaidhinisha idadi fulani ya vikao, mpaka tarehe fulani. Tuseme imeidhinisha vikao 6, kila kimoja riali 12, na hakuna aliyehesabu mpaka mgonjwa amefika cha 9. Vile 3 vya juu bima inavikataa. Hizo ni riali 36, na anayepigiwa simu azilipe, wiki kadhaa baadaye, ni mgonjwa. Mzee wa watu anaona haya, hana za kulipa, anaacha kwenda. Goti linakakamaa. Hapo mtaniambia hesabu si jambo la afya?

Ndiyo maana nasema kituo kinachopokea bima na bado kinahesabu kwa daftari kinawaonea wagonjwa wake, hata kama mikono ya wataalamu wake ni mizuri namna gani. Programu za kuendesha kliniki zipo, na kazi yake si ya ajabu. Miadi ikiandikwa, kikao kinafunguliwa. Mtaalamu akimaliza kuandika alichofanya, gharama inaingia palepale, siku ileile, pamoja na alama ya ugonjwa na alama ya huduma ambazo bima inazitaka. Idhini ikibakiza kikao kimoja, karani anaonywa aombe nyingine kabla mgonjwa hajavua viatu. Dai likirudishwa, sababu inaonekana: namba ya kadi imekosewa, tarehe imepita, au jina halilingani. (Majina yetu yenye bin na binti ndefu nayo yana visa vyake!)

Wenye vituo wanalalamika kwamba ni ghali. Wajumlishe kwanza madai yaliyorudishwa mwaka mzima, ndipo tuzungumze. Na mambo yenyewe yanaelekea huko: mfumo wa Dhamani, ulioanzishwa chini ya Mamlaka ya Soko la Mitaji na ambao tangu 2024 uko chini ya Mamlaka ya Huduma za Fedha, unaunganisha kampuni za bima na vituo vya afya kwa njia ya kielektroniki. Mwenye daftari atapitisha wapi madai yake?

Lakini kompyuta haina haya. Ukiipa nafasi, itanakili maelezo ya kikao cha juzi na kuyabandika kwenye cha leo, na bima italipia nusu saa ya mazoezi wakati mgonjwa alilazwa kwenye mashine ya joto dakika 10 akaambiwa aende. Kwa hiyo mtaalamu aandike mwenyewe, si karani amwandikie. Na kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, lisibandikwe kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi kama nilivyoona mahali. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 6 ya 2022, inahusu hata kituo chenye vitanda viwili.

Mgonjwa naye asikae kimya. Siku ya kwanza uliza: bima imeidhinisha vikao vingapi, mpaka lini, na mimi nalipa kiasi gani kila nikija? Omba karatasi iliyochapishwa, yenye tarehe ya kila kikao. Usitie saini vikao vitano kwa mpigo, hata ukiambiwa ni kawaida.

Wazee wetu wengi waliorudi kutoka Unguja na bara Kiswahili wanakisema vizuri, lakini ujumbe wa simu huja kwa Kiarabu au Kiingereza. Nenda na mama yako siku ya kusajiliwa, na namba itakayoandikwa iwe ya mtu atakayeusoma ujumbe huo na kumweleza.